Sanduku la vigae limejaa, sanduku la wagonjwa liko wapi?

 



Mimi si mwanachuoni. Ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Ujiji, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mweka hazina wa kamati ya msikiti wetu. Haya ninayoyaandika nimeyasoma kwa masheikh na kuyauliza tena na tena, kwa sababu kuna jambo lilitokea mikononi mwangu ambalo mpaka leo halijanipa usingizi mzuri. Naliandika ili ndugu yangu mwingine aliyeshika funguo za sanduku la msikiti, awe Kigoma, Tabora, Dar es Salaam au popote, asije akafikwa na lililonifika mimi.

Usiku wa shilingi thelathini na nane elfu

Ilikuwa baada ya sala ya Magharibi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa safu ya mbele, alibaki msikitini watu wakitoka. Akanijia na simu mkononi. Binti yake ameolewa katika kijiji kimoja cha kusini, mwambao wa Uvinza, na tangu jana yake alikuwa na uchungu wa kujifungua. Mkunga wa zahanati alikuwa amekwisha sema tangu mchana: huyu hajifungui hapa, apelekwe mjini. Boti lilikuwepo. Injini ilikuwepo. Nahodha yupo. Kilichokosekana ni petroli, na mwenye kuuza petroli kule kijijini alitaka kwanza aone fedha zake kwenye simu. Shilingi laki moja na nusu.

Wakati ule msikiti wetu ulikuwa ukichangisha fedha za vigae vya sakafu. Sanduku lilikuwa na zaidi ya shilingi milioni mbili, na funguo ziko mfukoni mwangu. Mzee alilitazama lile sanduku, kisha akanitazama mimi. Hakuomba. Alisema tu, "Maalim, mnaweza kunisaidia vipi?"

Nilimjibu kwa fiqhi. Nikamwambia, "Mzee wangu, hizi ni amana. Watu wametoa kwa ajili ya vigae, na sharti la mwenye kutoa haligeuzwi." Kisha tukawaita waliobaki barazani, tukachanga. Mimi nilitoa shilingi elfu kumi. Jumla ilikuwa thelathini na nane elfu. Mzee akaziweka kwenye kofia yake, akatushukuru, akatoka kwenda kuzunguka kwa jamaa zake.

Petroli ilipatikana usiku wa manane. Boti likafika mwalo wa Ujiji jua linachomoza, wakati akina mama wanaanika dagaa. Waliokuwa ndani ya boti hawakuwa na haraka tena. Binti yule alikwisha fariki njiani, na mtoto wake tumboni.

Tulimsalia jeneza msikitini kwetu baada ya Adhuhuri. Sanduku la vigae lilikuwa palepale pembeni ya mlango. Baada ya maziko mzee alinishika mkono, akasema, "Mungu awalipe kwa zile thelathini na nane." Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Ingekuwa kejeli ningeweza kuivumilia.

Je, nilikosea wapi?

Ndugu msomaji, unaweza kudhani kosa langu lilikuwa kukataa kufungua sanduku. Nilikwenda kwa sheikh mmoja aliyesoma, nikamweleza kila kitu. Aliniambia kwamba katika suala la amana sikukosea. Fedha iliyotolewa kwa jambo maalumu ina hukumu yake, na mshika hazina si mwenye mali. Tukiruhusu kila mwenye funguo aamue kwa huruma yake leo, kesho ataamua kwa matamanio yake. Na sisi Waislamu wa nchi hii tunajua vizuri fedha za misikiti na madrasa zilivyokwenda kwa mtindo huo.

Lakini sheikh yule akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Usiku ule nyumbani kwako ulikuwa na shilingi ngapi?" Nilinyamaza. Nilikuwa nimeuza magunia ya dagaa siku mbili kabla, na ndani ya nyumba kulikuwa na fedha zinazotosha petroli ya boti lile mara tatu. La pili: "Msikiti wenu una masanduku mangapi?" Nikajibu, moja. Akasema, "Basi hilo ndilo kosa lenu. Mna sanduku la sakafu, hamna sanduku la watu wanaosali juu ya sakafu hiyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kosa letu lilianza miaka mingi kabla ya usiku ule. Lilianza siku tulipoamini kwamba sadaka ni ya kuta, zulia, vigae na vipaza sauti, na kwamba ugonjwa wa jirani ni shauri la serikali na wafadhili.

"Siku yake ilifika"

Katika msiba ule watu walisema maneno mawili ya kufariji. Yote mawili ni ya kweli, na yote mawili tukiyatumia vibaya yanageuka kuwa mto wa kulalia.

La kwanza walisema, mama anayefariki katika uzazi ni shahidi. Naam, imepokewa hivyo kutoka kwa Mtume (s.a.w.), na tunamuomba Allah (s.w.) ampe binti yetu daraja hiyo. Lakini ushahidi wake ni malipo yake yeye. Si risiti ya kutusamehe sisi tuliochelewesha petroli. Hakuna Mwislamu anayeweza kumwacha mwenzake azame ziwani kisha akasema, aliyezama naye ni shahidi.

La pili walisema, siku yake ilikuwa imefika. Hakuna mwenye shaka katika Qadar ya Allah. Lakini tukumbuke kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akielekea Sham, akapata habari ya tauni. Alipoamua kurudi na watu wake, Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah. Umar akamjibu kwa maana ya kwamba wanaikimbia Qadar ya Allah kuiendea Qadar ya Allah, kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye majani na bonde kavu: popote atakapolisha ni kwa Qadar, lakini mwenye akili huchagua lenye majani. Petroli ni Qadar. Damu iliyohifadhiwa ni Qadar. Chumba cha upasuaji chenye taa ni Qadar. Kwa nini sisi kila mara tunachagua bonde kavu?

Na jambo hili si dogo. Wataalamu wa afya wanatueleza kwamba kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa zinazoua akina mama, na kwamba mama aliyekuwa na afya njema asubuhi anaweza kupotea ndani ya saa chache tu. Sasa mtazameni mgonjwa huyo akiwa katika mwambao wa Tanganyika, ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, ambako vipo vijiji ambavyo barabara yao kuu ni maji. Kwao neno dharura maana yake ni boti, injini na petroli. Ziwa likichafuka, kuna kusubiri.

Aliyebebwa kwenye kitanda

Wageni wanaokuja Ujiji hupelekwa kwenye mwembe, wakaonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Hadithi hiyo kila mtoto wa shule anaijua. Kuna nyingine isiyosimuliwa sana, nayo imo katika kumbukumbu za Livingstone mwenyewe.

Miaka miwili kabla, mwanzoni mwa mwaka 1869, Livingstone aliugua sana kifua akiwa upande wa magharibi wa ziwa. Hakuweza kutembea. Aliyemuokoa ni mfanyabiashara Mwislamu aliyeitwa Mohammed Bogharib. Alimuuguza, akamlisha, akaamuru abebwe juu ya kitanda siku baada ya siku mpaka ukingoni mwa ziwa. Kutoka hapo alivushwa kwa mtumbwi, akafika Ujiji mwezi Machi akiwa hai.

Tusipake rangi historia. Wafanyabiashara wa misafara ile walikuwa watu wa pembe za ndovu na watumwa, na dhulma waliyoifanya watu wa bara hili Allah ataihukumu. Lakini hata mtu wa namna ile alipomwona mgonjwa amelala njiani, mgonjwa wa dini nyingine aliyekuja kuhubiri dini hiyo, alijua wajibu wake. Alitoa kitanda, wabebaji na chakula. Sisi wajukuu wa Ujiji, wenye misikiti kila mtaa, adhana zikijibizana kutoka Kasingirima hadi Rusimbi, tumeshindwa kumtolea kitanda binti yetu wenyewe.

Wengine wanatoa, sisi tunashukuru tu

Ndugu zangu, tuseme ukweli kuhusu hali ilivyo katika mkoa wetu. Ukiacha hospitali ya serikali ya Maweni na vituo vya serikali, hospitali nyingine zinazojulikana ni za nani? Mjini Kigoma ipo ya Wabaptisti. Kasulu ipo Kabanga ya Wakatoliki. Kule Buhigwe ipo Heri ya Wasabato. Tumetibiwa humo, wake zetu wamejifungua humo, na hatuna neno ila la shukrani, kwani asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah.

Baadhi yetu, tukifika hapa, huanza kulalamika. Tunataja mkataba wa maelewano wa mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za afya na elimu. Ni haki kuujadili, na gazeti za Kiislamu zimeujadili miaka mingi. Lakini hebu tujiulize: kabla ya serikali kuzisaidia hospitali hizo, ni nani alichimba msingi? Nani alikusanya sadaka ya kwanza? Hakuna serikali inayoweza kuipa ruzuku hospitali ambayo haipo.

Nenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2006 taasisi ya Michael Bloomberg, ambaye wakati ule alikuwa meya wa jiji la New York, ilianza kutoa fedha za kupunguza vifo vya akina mama wajawazito Tanzania, na Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa iliyonufaika zaidi. Vituo vya afya vilivyokuwa mbali na hospitali vilipatiwa vyumba vya upasuaji, na matabibu wakafundishwa kumpasua mama na kumtoa mtoto palepale bila kungoja safari ya hospitali kubwa. Mtu wa New York, asiyejua ladha ya mgebuka, alitazama ramani akaona kwamba mama wa mwambao wa Tanganyika anakufa kwa sababu ya umbali. Sisi tunaosikia kilio chake kutoka barazani tulikuwa tunachagua rangi ya vigae.

Sisemi vigae ni haramu. Nyumba ya Allah ina haki ya kutunzwa. Ninachosema ni kwamba mpangilio wetu umepinduka.

Hospitali zilizoendeshwa kwa wakfu

Kumtunza mgonjwa kwa mali ya umma si jambo tulilofundishwa na wamisionari. Katika zama za Mtume (s.a.w.) Bibi Rufaida (r.a.) aliuguza majeruhi katika hema, na Sa'ad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipigiwa hema ndani ya Msikiti wa Mtume ili auguzwe karibu. Fikirieni jambo hilo: wodi ya mgonjwa ndani ya msikiti, na msikiti wenyewe sakafu yake ni mchanga.

Baadaye Waislamu walijenga hospitali kubwa. Sultani Nuruddin Zengi alianzisha hospitali ya Damascus mwaka 1154. Sultani Qalawun alijenga ya Cairo, iliyokamilika karibu mwaka 1284, na milango yake ilikuwa wazi kwa tajiri na maskini. Ziliwezaje kuendelea kwa karne nyingi? Hazikuendeshwa kwa kupitisha kofia kila Ijumaa. Ziliwekewa wakfu: maduka, mashamba na nyumba za kupangisha, ambazo mapato yake yalilipa waganga, dawa na chakula cha wagonjwa.

Asili ya wakfu tunaijua. Sayyidna Umar (r.a.) alipata ardhi Khaybar, mali bora kuliko zote alizowahi kuwa nazo, akamuuliza Mtume (s.a.w.) afanye nini. Akaelekezwa aizuie asili yake isiuzwe wala kurithiwa, na mazao yake ayatoe sadaka. Na Abu Talha (r.a.) aliposikia aya inayosema kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda (3:92), alikwenda kuitoa bustani yake aipendayo, iliyokuwa ikitazamana na msikiti. Hakutoa mtende uliokauka.

Sasa rudini Kigoma. Allah ametupa mchikichi. Mawese ndiyo mafuta ya mkoa huu, na tangu serikali ilipotoa msukumo mpya kwa zao hili mwaka 2018, miche bora imekuwa ikizalishwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga. Mchikichi bora huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi na huendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka 20. Je, kuna msikiti gani hapa kwetu wenye ekari mbili za michikichi zilizowekwa wakfu kwa ajili ya wagonjwa? Mzee mwenye ekari kumi akiiandikia wakfu ekari moja leo, atalala kaburini huku chikichi zake zikinunua damu, dripu na petroli. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea ambayo Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba haikatiki mwanadamu anapokufa.

Zaka, sadaka na wakfu: kila moja na mahali pake

Kuna jambo linalowachanganya wengi, nami lilinichanganya. Je, zaka inaweza kujenga hospitali?

Zaka ina wenyewe wanane waliotajwa katika Qur'an (9:60). Wanachuoni wengi wa madhehebu manne wanasema zaka lazima imilikiwe na mwenye kustahiki, hivyo haiendi kwenye majengo. Wako wanachuoni wa zama hizi waliopanua maana ya fungu la fii sabilillah. Mimi si mtu wa kuamua baina yao. Njia salama ni hii: jengo, vitanda, mashine na jenereta vitokane na sadaka na wakfu. Zaka imfikie mgonjwa fukara mwenyewe, imlipie matibabu, dawa na nauli yake, au imlipie bima ya afya, hasa sasa ambapo nchi imepitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kwa njia hiyo zaka imefika kwa mwenyewe, na hospitali nayo imelipwa haki yake.

Na sisi wafanyabiashara tusijifiche. Dagaa walio ghalani ni mali ya biashara, wanahesabiwa. Mwenye mtaji na bidhaa za shilingi milioni 40 zilizotimiza mwaka, zaka yake ni milioni moja. Mwenye milioni 100 ni milioni mbili na nusu. Hizo si hisani zetu. Ni haki ya fukara iliyolala katika maghala yetu ya Kibirizi, Mwanga na Ujiji. Petroli ya boti lile ilikuwa laki moja na nusu.

Watu wanauliza pia: sadaka zetu zitawatibu hata wasiokuwa Waislamu? Naam. Qur'an inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka kwa ajili ya Allah bila kutaka malipo wala shukrani (76:8-9), na mateka wa wakati ule alikuwa mshirikina aliyekuja kupigana nao. Isitoshe Allah ameeleza kwamba mwenye kuokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote (5:32). Mwaka 2015, ndugu zetu kutoka Burundi walipomiminika Kagunga na kipindupindu kikazuka, meli ya Liemba iliwabeba mpaka Kigoma, wakapumzishwa katika uwanja wa Lake Tanganyika. Kipindupindu hakikuuliza nani anasali wapi. Anayetibu naye asiulize.

Nini kifanyike

Ndugu zangu, hutuba isiyo na kazi ni kelele. Napendekeza mambo matano, na yote yako ndani ya uwezo wa msikiti wa kawaida.

Kwanza, kila msikiti uwe na sanduku la pili, liandikwe wazi: Wagonjwa na Dharura. Mwenye kutoa ajue sharti lake tangu mwanzo, ili mshika funguo asipate kisingizio nilichokipata mimi. Msikiti wenye waumini 200 kila Ijumaa, kila mmoja akitoa shilingi 500, ni shilingi 100,000 kwa wiki. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni tano. Mia tano ni bei ya kikombe cha chai na andazi.

Pili, ndugu zetu wavuvi. Mnajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa na mitumbwi inapumzika. Kabla ya mapumziko hayo, kila chombo kitenge sehemu ya mavuno ya usiku mmoja kwa mwezi kwa ajili ya dharura za mwambao, na fedha hizo zikae kijijini, karibu na petroli. Atakayezihitaji mwanzo huenda akawa mke wa mvuvi mwenyewe.

Tatu, damu. Asiye na shilingi ana damu. Vijana wa madrasa na wa vijiweni wajiandikishe na wachangie katika Mpango wa Taifa wa Damu Salama kwa utaratibu wa kudumu, si mpaka jamaa alazwe. Sadaka hii haihitaji mtaji.

Nne, twendeni tukaulize. Kabla ya kununua chochote, kamati iende kwa mganga mfawidhi wa kituo chetu cha afya au hospitali, iulize kinachokosekana. Tusipeleke tunachopenda kupigia picha. Huenda tukaambiwa wanahitaji magodoro, machela, tangi la maji au nyumba ya kuwahifadhi akina mama wanaotoka mbali wasubirie kujifungua. Nyumba kama hiyo kwa mama wa mwambao ni bora kuliko boti la usiku.

Tano, na hili ndilo zito: amana. Watu wetu si wachoyo. Harusi za Ujiji zinashuhudia. Hawatoi kwa sababu wameibiwa. Basi fedha zikae benki kwa sahihi za watu watatu, mali ya wakfu iandikishwe chini ya wadhamini waliosajiliwa kisheria, na kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe kwenye ubao wa msikiti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Jina la mgonjwa lisitajwe. Allah ametukataza kuharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi (2:264), na hakuna udhia kama mtu kutibiwa kisha akatangazwa.

Tukifanya haya miaka michache, ndipo tuzungumze kuhusu kujenga hospitali ya Waislamu Kigoma. Walioshindwa kuendesha sanduku hawawezi kuendesha hospitali.

Swali la Siku ya Kiyama

Katika hadithi qudsi aliyoipokea Imam Muslim, Allah (s.w.) atamuuliza mja wake Siku ya Kiyama kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa. Mja atastaajabu: vipi nikuzuru nawe ni Mola wa viumbe vyote? Ataambiwa kwamba mja fulani aliugua nawe hukumzuru, na lau ungemzuru ungenikuta kwake.

Nikiisoma hadithi hii naiona simu ya yule mzee, na lile sanduku pembeni ya mlango. Ninajua mja fulani wangu mimi ni nani. Ninajua kijiji chake.

Msikiti wetu sasa una masanduku mawili. La pili lilianza na fedha zangu zilizokuwa ndani ya nyumba usiku ule, zote. Sisemi hivi kwa riya, kwani hakuna sifa katika kulipa deni lililochelewa. Mzee yule bado anasali safu ya mbele, na kila Ijumaa yeye ndiye wa kwanza kutia chochote katika sanduku la wagonjwa. Vigae navyo vilikwisha tandikwa. Ni vizuri, vyeupe, na wakati wa joto vina ubaridi. Kila ninaposujudu juu yake naomba msamaha.

Ewe mwenye funguo, ewe mwenye ghala, ewe mwenye chombo ziwani: usingoje mpaka mtu akujie baada ya Magharibi na simu mkononi. Allah (s.w.) amlaze pema binti yetu yule na mtoto wake, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie mikono inayofunguka mapema.